Wito wa mzazi usiwe adhabu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie tabia iliyozoeleka katika shule za msingi, ya kumwita mzazi siku mambo yameshaharibika. Mtoto amepigana au amemtukana mwalimu, ndipo anaambiwa asirudi bila mzazi. Mzazi anafika kama mshtakiwa, anasomewa makosa ya muhula mzima, anatia sahihi na kuondoka. Huo si ushirikiano, ni kesi.

Matokeo yake huonekana jioni. Mtoto aliyekwisha kuadhibiwa shuleni huadhibiwa tena nyumbani kwa kosa lile lile, kwa sababu amemwaibisha mzazi. Anachojifunza ni kuificha barua inayofuata, au kumtafuta "mjomba" wa bandia aje kumwakilisha. (Walimu wanalijua hili, na wengine hulicheka.) Kisha tunashangaa mzazi akisema hajui mwenendo wa mwanawe.

Mwalimu naye hukosa habari anazozihitaji. Mtoto wa miaka 7 anayeanza ghafla kuwapiga wenzake huenda amefiwa, wazazi wake wametengana, au halali usiku. Mlezi akimdokeza mwalimu mapema, mtoto huyo atashughulikiwa kwa namna nyingine kabisa.

Wazazi nao wana lao. Wapo wanaomgeuza mwalimu zimwi la kutishia mtoto: "Nitakusema kwa mwalimu wako!" Wapo wanaomkejeli mwalimu mtoto akisikia, halafu kesho yake wanataka amheshimu. Kama hukubaliani na adhabu aliyopewa mwanao, nenda ukazungumze na mwalimu faraghani.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 18, unawapa wazazi jukumu la kwanza la malezi. Ibara ya 28 inataka nidhamu shuleni isimamiwe kwa kuheshimu utu wa mtoto. Mzazi anayesema "mchape tu, mwalimu" anajivua jukumu lake, na mwalimu anayeitikia anakiuka la kwake.

Ninachopendekeza ni mzazi na mwalimu wakutane mwanzoni mwa muhula, wakubaliane kanuni chache zitakazofuatwa pande zote mbili. Na mtoto msumbufu akimaliza mwezi bila ugomvi, mzazi aitwe pia, asikie hilo mtoto akiwepo.

Walimu watasema madarasa yamefurika na muda hawana. Ni kweli. Basi waanze na wale watatu au wanne ambao kila mwalimu huwa ameshawajua kufikia wiki ya pili.

Mzazi na msomaji wenu