Nyasi ziache, dada

Nyegezi, Mwanza
12 Agosti

Dada Bhoke,

Shikamoo. Natumaini Musoma hamjambo. Umeniuliza namna ya kugawa maji ya mgao, siku mbili tu kwa wiki, yaenee bustani nzima. Usigawe. Nyasi ziache zikauke.

Ukoka ukikauka juu haujafa. Vijiti vyake vya chini vinasubiri vuli, na mvua zikishika utachipua wenyewe. Mche uliopandwa masika hausubiri. Piga hesabu: milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Uwanja wa mita za mraba 2,000 ukiupa milimita 4 kwa siku, unakunywa lita 56,000 kwa wiki. Miche 60, kila mmoja lita 20 mara mbili kwa wiki, ni lita 2,400. Wakubwa wakilalamika kwamba bustani imekuwa kahawia, waoneshe hesabu hiyo. Zuia tu watu wasikanyage nyasi kavu, maana hapo ndipo zinapokufa kweli, na zisifyekwe chini ya sentimita 7.

Kwa miche, chukua ndoo kuukuu za lita 20. Toboa tundu moja la milimita 3 ubavuni, karibu kabisa na kitako. Msumari uliopashwa moto unatosha. Weka kipande cha chandarua kwenye tundu kwa ndani, jani moja tu linaliziba, na jiwe juu yake ili upepo wa ziwa usiipeperushe ndoo ikishakuwa tupu. Ikijaa inaisha kwa kama saa moja, kwa hiyo maji yanazama badala ya kutiririka. Tena ndoo iliyotobolewa haina mwizi. Kila zamu ihamishie upande mwingine wa mche, la sivyo mizizi yote itafuata upande wenye maji.

Kesho yake chomeka nondo ya milimita 10 ardhini, karibu na mche. Penye unyevu inaingia kwa mkono. Penye ukavu inagoma. Ikigoma kabla ya sentimita 30, maji hayakutosha au yalikimbilia pembeni. Huku kwetu inaweza pia kuwa umegonga mwamba, basi sogea hatua moja ujaribu tena.

Miti mikubwa, mikuyu na miembe, isimwagiwe shinani. Gome linaoza bure, wakati mizizi inayokunywa iko mbali, usawa wa ncha za matawi. Chimba mfereji mwembamba hapo, ujaze mara moja kila wiki tatu.

Tandaza majani makavu ya mpunga unene wa sentimita 8, ila yakae mbali na shina kiasi cha kiganja. Magugu maji yanafaa pia, lakini yaanike kwanza mpaka yavunjike mkononi. Mabichi yanachemka na kunuka. Yasilundikwe karibu na mtaro, mvua isije ikayarudisha ziwani.

Ukilazimika kuagiza boza la maji, angalia mpira wake. Dereva ana haraka, anafungulia wote, udongo unachimbika na mizizi inabaki wazi. Funga gunia mdomoni mwa mpira kuvunja nguvu ya maji, au yashushwe kwenye tangi, kisha mmwagilie wenyewe kuanzia saa 11 alfajiri, kabla jua halijapanda na upepo haujaanza.

Kuhusu kuvuta maji ziwani kwa mashine: kuona maji yako pale mbele hakukupi ruhusa. Kibali cha kutumia maji kinatolewa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, na mashine isijengewe ndani ya mita 60 za ufukwe bila kuuliza, sheria ya mazingira ya 2004 inalinda eneo hilo. Vijana wasiingie majini miguu mitupu. Kichocho kiko pale pale kwenye majani ya kandokando. Mdomo wa bomba uelee sehemu yenye kina, usiguse tope, na kichujio kisafishwe kila siku kwa sababu ya mwani wa kijani.

Ila kabla ya hayo yote, usiku wa mgao funga koki zote, soma mita, subiri saa moja, soma tena. Ikiwa imesogea, kuna bomba linavuja chini ya ardhi. Anzia kwenye viungo vilivyo chini ya njia ya magari. Usiisome dakika maji yanaporudi, hewa iliyo bombani nayo huizungusha.

Nitumie namba za mita ukishazipata, na kina nondo ilichozama kwa miche mitano. Msalimie shemeji na watoto.

Mdogo wako,
Kulwa