Nyumba ya babu ifumuliwe, isibomolewe

Chicago, Jumapili jioni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Nimesikia fundi anaanza na nyumba ya babu wiki ijayo. Mwambie aifumue, asiibomoe, ili vifaa vyake vitumike kwenye nyumba mpya: kilichofungwa mwisho ndicho kitoke kwanza.

Milango ya mvule itoke pamoja na fremu zake. Kabla ya kung'oa, pigilieni ubao wa mshazari kwenye kila fremu isije ikapinda. Rangi ile ya zamani huenda ina madini ya risasi, kwa hiyo msiipige msasa ikiwa kavu. Ilowesheni, na watoto wakae mbali.

Kabla bati halijatoka, pimeni nafasi kati ya papi na papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati. Paa jipya likifuata vipimo hivyo, misumari itarudi kwenye matundu yale yale. Yasipolingana, kila tundu la zamani ni mvujo. Anzeni na kofia, yaani bati la kileleni, kisha mabati ya juu, mkishuka. Kila bati linyanyuliwe juani: likipenyesha vitone vya mwanga, liende banda la kuku. Mkikuta shiti za asbesto, msizikate wala kuzivunja, na zisirudi kwenye nyumba kabisa, vumbi lake huharibu mapafu.

Mbao za kenchi, yaani zinazobeba paa, ndiyo mali hasa. Zimekauka miaka mingi, hazitajikunja kirahisi. Zichomeni kwa bisibisi kwenye ncha zilizolala ukutani, maana unyevu na mchwa huanzia hapo. Bisibisi ikizama, kateni mpaka palipo na mbao nzima. Mbao ya futi 12 huweza kubaki 10, basi msihesabu urefu kabla ya kukata. Pitisheni sumaku kabla ya randa, msumari mmoja unatosha kuharibu kisu. Zilazwe juu ya matofali, zisiguse ardhi.

Kuta msizitegemee. Matofali ya kale ya hapa Chicago yanauzwa upya kwa sababu yalijengwa kwa chokaa, ambayo hukwanguka kwa kishoka. Zetu ni tofali za saruji zilizoshikwa kwa saruji. Zitapasuka kabla ya kuachana. Ziwe kifusi cha chini ya sakafu.

Nondo zilizonyooshwa zisiingie kwenye linta, yaani boriti ya zege juu ya milango na madirisha, hata fundi akisisitiza. Chuma kilichokunjwa na kukunjuliwa huweza kupata ufa pale pale penye kunjo. Ziuzeni kama chuma chakavu.

Nitumie vipimo vya fremu kabla ukuta haujaanza, ili nafasi ziachwe kwa kufuata milango. Msalimie mama.

Mdogo wako