Mashine ya mkate: nunua, ila si hiyo

Dar es Salaam

Mpenzi Zuhura,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia Baba katoka hospitali. Mfikishie shikamoo yangu.

Kuhusu mashine ya kuokea mkate, shoga yangu, nunua. Ila si hiyo uliyoonyeshwa kwenye duka la mtumba. Hiyo imetoka Japani, na umeme wa kule ni volti 100. Wetu ni 230. Ukiichomeka bila transfoma itaungua siku hiyohiyo. Tafuta iliyoandikwa 220–240 nyuma yake.

Gharama ya umeme wa Luku isikutishe. Mkate mmoja huchukua kama saa tatu na nusu, lakini muda mwingi unga unakandwa na kuumuka tu. Moto huwaka karibu saa moja ya mwisho. Kwa kawaida hata nusu uniti haifiki. Ninaloliogopa ni umeme kukatika katikati. Umeme ukichelewa kurudi, mashine nyingi husahau zilipofikia. Hapo toa donge, litie kwenye sufuria uliyoipaka mafuta, upalie makaa juu na chini. Utapata mkate.

Ninayemfikiria hasa ni Baba. Daktari akisema chumvi ipungue, watu huondoa kikopo mezani, wakaisahau chumvi iliyomo ndani ya mkate anaokula kila asubuhi. Ukioka mwenyewe unaijua mpaka chembe ya mwisho. Kwa unga wa ngano gramu 500, wengi hutia chumvi gramu 8 hadi 10. Wewe anza na 7, kisha shuka hadi 5, ulimi wake uzoee. Maji mililita 320 hivi, hamira kijiko cha chai kimoja na nusu. Usiiondoe chumvi yote kwa pupa: ndiyo inayoituliza hamira, na bila yake unga huumuka mbio halafu mkate ukabonyea katikati.

Mkate wa boflo wa huko Ngamiani, Tanga, usiutarajie humo, ganda lile linataka tanuri. Huu wa mashine ni mnene, laini, na chini una tundu la kile kipande kinachokanda. Lakini mashine hiyohiyo itakukandia unga wa maandazi, nawe viganja vinakuuma.

Usilipe kabla hujaniandikia bei. Nitaulizia Kariakoo, na nikikuta ya nafuu nitaipakia kwenye basi la Tanga.

Akupendaye,
Mwanaidi