Pima bodi kwanza, puti baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na mafundi bodi wa hapa Tabora na wenzangu wenye magari ya zamani, maana roho inaniuma nikiona gari nzima inauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu eti bodi imepinda haifai tena. Inafaa jamani. Mi ninayo Peugeot 404 aliyoniachia mzee wangu, aina ile ile iliyochukua Safari Rally mwaka 1963 halafu 1966, 67 na 68 mfululizo, barabara mbaya ndo nyumbani kwake.

Ya kwangu iligongwa kona ya mbele kulia, nikaipeleka gereji moja, wakagonga gonga wakajaza puti, ule uji mzito wa kuzibia mabonde ya bati, wakapiga rangi, ikang'aa kweli, ila tairi la mbele likawa linalika upande mmoja na mlango wa dereva mpaka uunyanyue ndo ufunge. Mwaka jana nikachoka nikaanza kuichimbua mwenyewe uani chini ya mwembe, na puti niliyobandua sehemu zingine ilikuwa nene kama kidole, chini yake bati limekunjamana vile vile kama siku ya ajali.

404 haina shasi, ile fremu ya chuma ya chini, ya peke yake kama Land Rover za zamani, bodi ndo shasi, yaani sakafu, nguzo na vizingiti vya chini ya milango vinabeba mzigo kwa pamoja, kona ya mbele ikisogea mpaka mlango wa nyuma unapata habari. Ndo maana nasema pima kwanza. Nikaipandisha kwenye stendi nne, nikasawazisha kwa mpira wa maji kama wanavyofanya mafundi ujenzi, halafu nikashusha timazi, ile kamba yenye uzito mwishoni, kutoka kwenye matundu ya boliti kushoto na kulia, kila linapogusa naweka alama ya chaki sakafuni, nikavuta futi kona kwa kona. Zile mistari mbili za msalaba zilitakiwa zilingane, zangu zikapishana milimita 22. Hiyo utaifichaje na puti?

Vizingiti vilikuwa vimeliwa na kutu, lakini kabla ya kukata chochote nikachomelea skwea paipu kukatisha uwazi wa milango, kushoto na kulia, maana ukikata bila hivyo gari inajikunja katikati na milango haitofunga tena. Hili vijana wengi hawalijui kabisa, wanashika grainda kwanza.

Kuvuta nako ni taratibu. Nilichimbia ndoano nene kwenye zege, mnyororo, jeki, na kila jeki inapogusa bodi naweka kipande cha mninga ili nguvu isambae bati lisitoboke. Unavuta kidogo, unapima, unaacha, na lazima uvute kupita kiasi kidogo kwa sababu chuma ukikiachia kinarudi. Mnyororo uutupie gunia zito na usisimame usawa wake hata kidogo, ukikatika unaua. Na moto wa gesi achaneni nao kwenye sehemu zinazobeba mzigo, ukiwasha ovyo chuma kinapoteza nguvu yake, kinanyooka leo kesho kinapinda tena.

Ilinichukua wiki tatu jioni jioni mpaka ule msalaba ukapishana milimita 3, na siku mlango wa dereva ulipofunga kwa kidole kimoja nilimwita mama aje asikie mlio wake, akasema ndo ule ule wa enzi za baba yenu.

Ombi langu kwa mafundi, mteja akileta gari iliyogongwa mpimieni mbele yake mumwonyeshe chaki, hata kama atalipa zaidi. Na nyie wenye magari msikubali puti kabla hamjaona vipimo. Mi bado nina mlango wa nyuma kushoto unagusa kidogo kwa juu, Jumamosi naanza nao.

Msomaji wenu,
Isevya, Tabora