Figo haziumi, ndiyo maana tunachelewa

Mhariri,

Mtu akishikwa na kiuno tu, utasikia: "Hizo ni figo." Mara nyingi sizo. Mawe ya figo huuma, tena humgaragaza mtu sakafuni, na maambukizi huja na homa. Ila ugonjwa sugu wa figo, ule unaomfikisha mtu kwenye mashine ya kusafisha damu, hula kimyakimya kwa miaka.

Kaka yangu ana kisukari na presha, magonjwa mawili yanayoongoza kwa kuua figo. Hakukosa kliniki hata mwezi mmoja. Mkojo wake ulikuwa na povu kama la sabuni, halikatiki hata akimwaga maji mara mbili. Akasingizia dawa ya kusafishia choo. Kumbe ilikuwa protini inavuja. Kwenye karatasi zake za majibu, mbele ya kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu, paliandikwa "kawaida", naye ni mtu mwembamba. Kreatinini huweza kubaki ndani ya kiwango mpaka karibu nusu ya uwezo wa figo upotee, na mwenye misuli michache hudanganywa zaidi. Alipofika kwa daktari bingwa wa figo, kasi ya uchujaji, yaani mililita za damu ambazo figo husafisha kwa dakika, ilikuwa 11. Chini ya 15 ni hatua ya tano, na ya sita haipo.

Wengi tunamchukulia bingwa huyu kuwa ni daktari wa mashine. Kazi yake hasa ni ya kabla ya hapo: kujua kama tatizo ni kisukari, uvimbe wa vichujio vya figo au vifuko vya maji vya kurithi, pengine kwa kuchukua kinyama kidogo cha figo kwa sindano, kuchagua dawa za presha zinazopunguza protini kwenye mkojo, kumkataza mgonjwa dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kaka alizimeza kama karanga kwa ajili ya goti. Uchujaji ukishuka chini ya 30, mgonjwa anapaswa kuwa ameshamwona.

Hata mashine inataka maandalizi. Mshipa wa mkononi huunganishwa na ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, kisha husubiriwa wiki kadhaa, pengine miezi, ukomae. Kaka hakuwa na muda huo. Alitiwa mpira shingoni, mlango mwepesi wa vijidudu, na sasa anaoga kwa kujifutafuta ili bandeji isilowe. Mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, damu yake inazunguka nje ya mwili.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mwenye kisukari au presha apimwe albumini, ile protini inayovuja, kwenye mkojo, walau mara moja kwa mwaka. Na maabara zisiandike kreatinini peke yake, ziandike na kasi ya uchujaji. Zaidi ya kreatinini yenyewe, hesabu yake inataka umri na jinsia tu, na vyote viwili vimeshaandikwa juu ya fomu ileile.

Msomaji wako,
Ndugu wa mgonjwa