Saa za tiba ya usonji na safari ya udaktari

Mhariri,

Wanafunzi wa Marekani wanaojiandaa kuomba vyuo vya udaktari hushauriwa mara kwa mara watafute kazi ya ufundi wa tabia katika tiba ya usonji, yaani kumfundisha mtoto stadi hatua kwa hatua kwa mpango wa msimamizi: inalipa, haidai shahada, na inawaweka karibu na wagonjwa. Ushauri si mbaya, ila haugusi namna saa za kazi hiyo zinavyoweza kwenda bure.

Kuingia ni rahisi. Anayetaka kusajiliwa na BACB, bodi ya Marekani inayowasajili mafundi hawa, awe na miaka 18 na cheti cha sekondari, apate mafunzo ya saa 40, rekodi zake za jinai zikaguliwe, apimwe kwa vitendo, kisha afanye mtihani wa maswali 85 kwa dakika 90. Akianza kazi, anapaswa kusimamiwa kwa angalau asilimia 5 ya saa zake za mwezi. Mwenye saa 80 anastahili saa 4 za kusimamiwa. Aulize kabla ya kusaini mkataba ni nani atakayemsimamia, maana huyo ndiye atakayemwandikia barua ya kumpendekeza.

Ugumu uko kwenye kikao chenyewe. Mtoto asiyeongea anafundishwa kuomba maji kwa kugusa picha. Mwanzoni fundi anamwongoza mkono hadi kwenye picha, baadaye anamgusa kiwiko tu, kisha anaonyesha kwa kidole, na mwisho anasubiri sekunde 5 bila kufanya lolote. Hizo sekunde 5 ndizo zinazowashinda wengi. Fundi anagusa kiwiko kwenye sekunde ya pili, anaandika kwamba mtoto amefanya mwenyewe, na grafu inapanda huku mtoto akijifunza kungoja kuguswa.

Maandishi nayo yana mtego wake. "Alikasirika" haimsaidii msimamizi. "Alinyang'anywa tableti, akatupa kikombe, akarudishiwa tableti" inaonyesha kilichotangulia, kilichotokea na kilichofuata (na inaonyesha pia ni nani aliyemfundisha kutupa vikombe). Atakayezoea kuandika hivyo atachukua historia ya mgonjwa vizuri.

Fomu ya AMCAS, inayotumika kuomba vyuo vingi vya udaktari Marekani, ina nafasi 15 za shughuli, kila moja herufi 700, nazo 3 zilizo muhimu zaidi huongezewa herufi 1,325. Kuzijaza kwa sifa za uvumilivu ni hasara. Mwombaji aeleze uamuzi mmoja alioufanya na sababu yake, bila chochote kitakachomtambulisha mtoto. Saa azihesabu kwa vikao vilivyofanyika, si kwa ratiba. Watoto huugua na vikao hufutwa.

Ajiandae pia kwa swali gumu kwenye usaili. Watu wazima wengi wenye usonji wanaipinga tiba hii, hasa pale mtoto anapolazimishwa kumtazama mtu machoni au kuacha kupunga mikono ambayo haimdhuru yeyote. Anayejibu kwamba alifuata tu mpango aliopewa amejiangusha mwenyewe. Aeleze yeye mwenyewe alifanya nini mtoto alipokataa.

Tena, fundi hamwoni daktari akifanya kazi. Bado atahitaji kuwafuata madaktari kliniki na wodini awaone wakifanya kazi. Na akijua anaondoka Agosti, amwambie msimamizi miezi kadhaa kabla, ili fundi mpya aingie vikaoni pamoja naye na mtoto amzoee.

Wasimamizi wa tiba ya tabia