Usibadilishe chaneli mshindi akishapita

Mdogo wangu,

Habari za Temeke? Huku Tegeta sote wazima, mama anakusalimu. Nimeamua kukujibu hapa mbele za watu kwa sababu ulichoandika kwenye grupu la familia kinasemwa na wengi hapa mjini, hasa wanaopita kwenye mbio za baiskeli za televisheni wakisubiri mpira uanze. Ulisema mbio za milimani zinaisha mshindi akivuka mstari, na wale wanaofika nusu saa baadaye wanatalii tu. Kauli hiyo imenikaa rohoni. Nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani na wewe hata kidogo.

Unajua kwamba Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, ni hatua 21 ndani ya wiki tatu, kila hatua siku yake, na muda wa kila siku unajumlishwa. Sasa kuna jambo ambalo watangazaji hulitaja haraka haraka: kila siku kuna kikomo cha muda. Unachukuliwa muda wa mshindi, inaongezwa asilimia fulani kulingana na ugumu wa njia na kasi ya siku hiyo, basi. Ukipitiliza unafungasha, hata kama juzi ulishinda. Maana yake ni kwamba Tadej Pogačar, bingwa wa mbio hizo, anapofyatuka mlimani hawatesi wale wanaomfukuza peke yao. Kila dakika anayoiokoa kule mbele inawapunguzia muda watu walio mabonde mawili nyuma yake, ambao hawamwoni wala yeye hawawazii.

Na hao ni akina nani? Wengi ni wale wenye mapaja makubwa, ambao kazi yao ni mita 200 za mwisho kwenye tambarare. Mlima mrefu ukianza wanajua hawauwezi, kwa hiyo wanajikusanya kundi moja nyuma, na kundi hilo linaitwa gruppetto. Mzoefu mmoja anashika hesabu: mbele wako wapi, zimebaki kilomita ngapi, tunaweza kupoteza dakika ngapi kwenye mlima huu na kuzirudisha wapi. Wanapanda kwa mwendo mmoja ili asiachwe mtu. Wakifika kileleni wanashuka kwa kasi ya kutisha, maana mteremkoni ndipo wanapofidia. Bondeni wanapokezana kukata upepo, kwa sababu anayekaa nyuma ya mwenzake anaokoa nguvu nyingi sana, na peke yako hapo hufiki. Watu waliosukumana mabega jana wakigombea ushindi, leo wanapeana maji. Kamera haikai nao. Nyuma yao linatambaa gari la kufagia, linalobeba waliokata tamaa, na hilo limekuwepo tangu 1910, mwaka ambao mbio hizo zilipelekwa kwenye milima mikubwa ya Pyrenees.

Chukua mwaka 2024. Hatua ya kwanza ilitoka Florence kwenda Rimini, kilomita 206, joto kali, vilima juu ya vilima. Mark Cavendish, mmoja wa hao wenye mapaja makubwa, alikuwa na miaka 39 na alikuwa anatafuta ushindi wake wa 35 wa hatua za Tour, ili aivuke rekodi aliyokuwa nayo pamoja na Eddy Merckx, bingwa wa zamani. Siku hiyo aliachwa mapema mno. Alikuwa anatapika juu ya baiskeli. Ungekuwa unaangalia, ungesema mzee huyu kaja kuaga. Lakini wenzake wa timu ya Astana walirudi nyuma makusudi, wakamzunguka, wakamkinga na upepo, wakamvuta kilomita baada ya kilomita. Alifika zaidi ya nusu saa baada ya mshindi, ndani ya muda. Siku nne baadaye, Saint-Vulbas, alishinda. Ya 35! Hakuna aliyewahi kufika hapo. Sasa niambie, ushindi ule ulipatikana wapi? Mimi naona ulipatikana kwenye barabara ya Rimini, baada ya wewe kubadilisha chaneli.

Na hadithi haikuishia Saint-Vulbas. Mwenzake mmoja wa Astana, Davide Ballerini, ndiye aliyemaliza wa mwisho kabisa kati ya watu 141 waliokamilisha mbio zile. Jina lake liko chini ya orodha. Mimi siwezi kuliangalia jina hilo kwa dharau.

Tena usidhani muda ni mchezo kwa hao jamaa. Mwaka 2011, hatua ya kumalizia juu ya mlima wa Galibier, watu 88 walipitiliza kikomo kwa mpigo mmoja. Kuwafukuza wote ingekuwa kuua mbio, kwa hiyo waliachwa waendelee, lakini wakanyang'anywa pointi 20. Cavendish huyo huyo alikuwemo, akiwa na jezi ya kijani mgongoni, ile ya anayeongoza kwa pointi.

Jezi hiyo ya kijani inanileta nyumbani kwetu, Afrika. Unampenda Biniam Girmay wa Eritrea, najua, picha yake ndiyo uliyoiweka kwenye simu. Mwaka ule ule wa 2024 kijana wa Asmara alishinda Turin, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France, kisha akashinda nyingine mbili. Hapo ulishangilia mpaka majirani wakatoka nje. Lakini jezi ya kijani aliyoipata hupewi kwa kushinda tu, lazima ufike mwisho wa mbio. Alianguka karibu na mstari kule Nîmes, akapata majeraha, halafu milima ya Alps ikamsubiri. Siku ya mlima wa Bonette, barabara inapanda hadi mita 2,802, Pogačar alishinda na wewe ukazima televisheni. Girmay alikuwa bado njiani. Shujaa wako, ndugu yangu, alikuwa miongoni mwa hao uliosema wanatalii.

Kigali mwaka 2025, kwenye ubingwa wa dunia wa wanaume, ilikuwa mbio ya siku moja, lakini nayo ilisema kitu: walianza 165, wakamaliza 30.

Kuna na hili la Jumapili, nilitaka kukwambia uso kwa uso lakini wacha niliseme. Mnapopanda Pugu kwa baiskeli na wenzako kwenda Kisarawe, yule kijana wenu mwenye baiskeli ya chuma huwa anabaki. Nilimpita nikiwa kwenye daladala: amekaa kando ya barabara, cheni imechomoka, grisi mpaka kwenye viwiko, anairudisha jino kwa jino kwa kijiti. Ninyi mlikuwa mmeshageuza, mnashuka kwa kasi upande wa pili na miwani yenu. Mna baiskeli nzuri kuliko yeye, na mmoja wenu angeweza kumvuta. Wewe mwenye mapafu hayo ndiye ungefaa kuliko wote. Jumapili ijayo kaa naye, mkingie upepo tangu Gongo la Mboto, halafu uone atafika na nani.

Lingine ni la kufurahisha. Tour du Rwanda huwa mwishoni mwa Februari, na mabasi ya Kigali yanatoka hapa hapa Dar. Nataka twende wote. Tusimame kwenye ule Ukuta wa Kigali, barabara ya mawe ya kama mita 400 tu lakini imesimama kweli kweli, tuwapigie makofi wa mbele, halafu tubaki pale pale mpaka wa nyuma wote wapite. Nauli tutachanga, chakula cha njiani nitapika mimi. Nijulishe mapema ili nianze kuweka akiba.

Dada yako